Kiwanja ni Changu, Jiji Linanipangia kwa Idhini ya Nani?

Kila greda likishuka bondeni kubomoa, na kila grosari mpya ikifunguliwa chini ya dirisha la mtu anayejiandaa na mtihani, vijiwe vya chuoni vinarudia swali lilelile: kwani kiwanja si cha mwenyewe? Nani kawapa watu wa halmashauri ruhusa ya kumwambia mtu hapa jenga nyumba ya kuishi, pale duka, na kule usijenge kabisa? Wapo wanaojibu kwa mkato kwamba ardhi ni ya serikali, mjadala umekwisha. Wapo wanaosema Katiba inalinda mali ya mtu, kwa hiyo jiji linaonea watu. Mimi nasoma sheria, napanga chumba Sinza kama wengi wenu, na ninavyoona kila upande umeshika kipande tu cha jibu. Nitajaribu kuviunganisha vipande hivyo, kwa sababu suala hili linatugusa sisi wanachuo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na kitu chenyewe. Maofisa mipango miji wanapoupanga mji, wanaugawa katika kanda za matumizi: makazi, biashara, viwanda, taasisi kama shule na hospitali, maeneo ya wazi, na ardhi isiyotakiwa kujengwa. Ukiuona mchoro wa mipango miji ukutani ofisini kwao, zile rangi ndizo kanda zenyewe. Na kila kanda inabeba maswali matatu kwa mwenye kiwanja. Utafanya nini hapo? Utajenga kwa ukubwa na urefu gani? Na utaacha nafasi kiasi gani kati yako na jirani, na kati yako na barabara? Basi. Mengine yote, vibali, ada, mihuri na foleni, ni njia ya kuhakikisha umejibu maswali hayo matatu kabla hujamwaga zege.

Kwa nini tuwe nayo mambo haya? Jibu la kwanza ni jirani. Zamani, na hata leo pasipo na mpango, mtu aliyefungua karakana ya kuchomelea vyuma ukutani mwa nyumba yako ungeweza kumshitaki kwa kero. Lakini kesi ya kero inakuja baada ya madhara. Mtoto ameshakohoa mwaka mzima, karakana imeshaajiri vijana kumi, na hakimu anaona uchungu kuifunga. Kanda inafanya kazi mapema: inasema tangu mwanzo kwamba vyuma vinachomelewa kule, watoto wanalala huku.

Jibu la pili halizungumzwi sana, lakini mwanachuo yeyote anayepanga nje ya kampasi analijua kwa pua. Mtaa unapopangwa kuwa wa nyumba za familia, bomba la maji, mashimo ya maji taka, upana wa barabara na hata idadi ya madarasa ya shule ya msingi vinahesabiwa kwa familia hizo. Sasa mtu anabomoa nyumba yake ya familia moja, anapandisha hosteli ya vyumba 40, kila chumba wawili. Hakuna sheria ya asili iliyovunjwa, mvua itanyesha na jua litawaka. Ila shimo la choo lililochimbwa kwa watu sita sasa linahudumia watu 80, na mwezi wa nne mvua za masika zinapokuja, kila mtu mtaani anapata habari zake. Kanda ya ujazo, yaani hesabu ya watu wangapi katika eneo gani, kimsingi ni hesabu ya maji na choo.

Jibu la tatu ni kumlinda mtu dhidi ya ardhi yenyewe: bonde linalofurika, mwinuko unaoporomoka, ufuko unaoliwa na bahari. Hilo nitalirudia, maana ndilo linalouma zaidi hapa Dar.

Na kuna jibu la nne, ambalo vitabu vingi vya mipango miji hulipitia kwa haraka. Kanda zimetumika, tangu siku ya kwanza, kuamua nani akae na nani.

Mji wetu ni ushahidi. Mwaka 1891 Wajerumani, walipohamishia makao makuu ya koloni lao hapa kutoka Bagamoyo, walitoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya majengo. Upande wa ufukweni zikatakiwa nyumba za mtindo wa Kizungu. Nyumba za miti na udongo zikapangiwa nyuma. Waingereza walipochukua nchi waliendeleza mchezo uleule, na katika miaka ya 1920 wakawa na kanda tatu ambazo wenyeji waliziita kwa majina yake halisi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya mji wa maduka na Kariakoo wakaacha ukanda mpana usiojengwa. Ukikaa Mnazi Mmoja ukila mahindi ya kuchoma, umekaa juu ya uwanja ulioachwa wazi ili kuwatenga Waafrika na wengine.

Angalia ujanja wa kisheria uliokuwemo. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida la Mwingereza. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya League of Nations, babu wa Umoja wa Mataifa wa leo, na masharti ya udhamini yalifanya iwe vigumu kuandika ubaguzi wa rangi waziwazi. Kwa hiyo kanuni hazikusema Mwafrika asikae hapa. Zilisema aina ya nyumba itakayojengwa hapa, na vifaa vyake. Kazi ya kubagua ikaachiwa bei ya saruji na mabati. Huko Marekani mambo yalikwenda kwa njia inayofanana. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifuta kanuni ya mji wa Louisville iliyokuwa inawakataza weusi kuhamia mitaa yenye weupe wengi, na wengine wakauliza, tutafanyaje sasa? Wakagundua kwamba ukitaja ukubwa wa kiwanja na aina ya nyumba, huhitaji kumtaja mtu. Leo Masaki na Oysterbay ni ujazo mdogo, na Uswahilini ya zamani ni ujazo mkubwa. Maneno yamebadilika, ramani haijabadilika sana.

Nimeanza na ubaya huu kwa makusudi, kwa sababu unaonyesha kwa nini swali la idhini ni la msingi. Chombo chenye nguvu ya kumkinga mtoto na moshi ndicho hichohicho chenye nguvu ya kumfungia mtu nje ya mji. Ndiyo maana lazima kiwe na mahali kilipotoka na mahali kinapoishia.

Kwa Wamarekani swali hilo lilifika mahakamani mapema, na jibu lao husomwa duniani kote, hata sisi tunalisoma. New York ilitunga kanuni zake za kanda za mji mzima mwaka 1916, mwaka mmoja baada ya Jengo la Equitable kukamilika na kutupa kivuli chake juu ya mitaa na majengo ya jirani. Miji mingine ikafuata, ukiwemo mji mdogo wa Euclid karibu na Cleveland, jimbo la Ohio. Kampuni ya Ambler Realty ilikuwa na ekari 68 pale, ikitegemea kuziuza kwa viwanda. Kanuni mpya zikasema sehemu ya eneo hilo ni ya makazi. Thamani ikashuka. Kampuni ikashitaki: mmeninyang'anya mali bila fidia. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikasema hapana. Serikali ina mamlaka ya kulinda afya, usalama, maadili na ustawi wa watu, na kupanga matumizi ya ardhi kunaingia humo, isipokuwa kama kanuni ni ya kiholela tu, isiyo na uhusiano wowote na mambo hayo. Jaji Sutherland, aliyeandika hukumu, alifananisha kitu kilicho mahali pasipo pake na nguruwe aliyeingia sebuleni badala ya kukaa bandani.

Hukumu hiyo ina aya moja ambayo wapangaji wenzangu waijue. Ilizungumzia majengo ya vyumba vya kupangisha kama kimelea tu, kitu kinachokuja kunyonya uzuri wa mtaa wa nyumba za familia. Yaani tangu mwanzo, katika kesi mama ya fani nzima, mpangaji hakuwa mtu wa kulindwa. Alikuwa mmoja wa wale wanaokingwa wasiingie.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Tanzania haikusimama pale aliposimama Ambler. Ambler alikuwa na ardhi yake, ya kwake moja kwa moja. Sisi umiliki wa namna hiyo tuliufuta mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, imewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ulicho nacho wewe mwenye hati ni haki ya kuitumia kwa muda, hadi miaka 99, kwa masharti. Masharti hayo yameandikwa kwenye hati yenyewe: matumizi ni makazi, ujenge ndani ya muda fulani, ulipe kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Neno pango si la bahati mbaya. Yule mwenye nyumba wako anayekugongea mlango tarehe moja naye, machoni pa sheria, ni mpangaji wa Jamhuri. (Usimwambie mbele ya watu.)

Kwa hiyo hapa kwetu kanda zina mguu mmoja ambao Ambler hakuwa nao. Zinakubana kama sheria ya jumla, na zinakubana pia kama sharti la hati uliyoikubali. Ukigeuza nyumba kuwa gesti bila kibali, umevunja kanuni za mji na umevunja sharti la hati kwa wakati mmoja, na sharti likivunjwa, hati inaweza kufika mahali pa kufutwa.

Hapo ndipo yule wa kijiweni anaposema, si nilikwambia, ardhi ni ya serikali. Polepole. Katikati ya miaka ya 1990 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake. Ilisema kwamba haki ya mtu ya kutumia ardhi, hata ile ya kimila isiyo na karatasi, ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Yaani mdhamini ni mdhamini, si bwana shamba. Anashika kwa niaba ya watu na hawezi kuwageuza watu kuwa wavamizi kwa kuandika sheria.

Sasa kama haki yangu ni mali, na mali inalindwa, idhini ya kuibana inatoka wapi? Inatoka kwenye Katiba ileile, kurasa chache mbele. Ibara ya 30, ibara ndogo ya pili, inasema haki zilizotajwa hazizuii kutungwa kwa sheria zenye malengo fulani, na katika orodha ya malengo, baada ya ulinzi, usalama, amani, maadili na afya ya jamii, imetajwa mipango ya maendeleo ya miji na vijiji. Imetajwa kabisa, kwa jina. Wamarekani ilibidi majaji wavute neno ustawi mpaka lifike kwenye viwanja. Sisi tumeandikiwa. Wakenya nao katika Katiba yao ya 2010, ibara ya 66, wamesema wazi kwamba dola inaweza kudhibiti matumizi ya ardhi kwa ajili ya mipango.

Ila isome vizuri ibara hiyo. Haisemi ofisa anaweza. Inasema sheria inaweza kutungwa, kwa lengo hilo. Kwa hiyo kuna mnyororo. Katiba inairuhusu sheria; sheria ni ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya mwaka 1956. Sheria inazitaja halmashauri za miji, manispaa na majiji kuwa mamlaka za upangaji. Halmashauri inaandaa mpango, wa jumla ambao tumezoea kuuita mpango kabambe, na ule wa kina wa mtaa kwa mtaa. Wananchi wanatakiwa waoneshwe na wasikilizwe kabla haujapitishwa. Mpango ukishapita, ndipo kibali chako cha kujenga kinapimwa dhidi yake. Pete moja ikikosekana kwenye mnyororo huo, kinachobaki ni mtu mwenye kopo la rangi nyekundu.

Na pete zimekosekana mara nyingi. Dar es Salaam ilikuwa na mpango kabambe mwaka 1949, wa pili 1968, wa tatu 1979. Huo wa tatu ulikuwa wa miaka 20. Hesabu mwenyewe: uliisha 1999. Mpango uliofuata ni wa 2016 hadi 2036. Kati ya sensa ya 1978 na ya 2012 mji huu ulitoka watu wasiofika milioni moja hadi kupita milioni nne, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho hakukuwa na mpango wa jumla ulio hai. Kulikuwa na michoro ya vipande, kulikuwa na Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, kulikuwa na jitihada za watu. Lakini swali la mji huu unaelekea wapi halikuwa na karatasi ya kujibu. Watu hawakusubiri karatasi. Walinunua kwa mjumbe, wakaandikishana mbele ya mashahidi, wakajenga. Makadirio yanayotajwa kila mara ni kwamba takriban asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Unapokuwa na sheria ambayo wengi wako nje yake, sidhani ni sawa kuwaita wote wahalifu. Serikali yenyewe imelikubali hilo kwa vitendo: imetoa leseni za makazi, imeendesha urasimishaji.

Tuje Sinza, maana hapa hata kisingizio cha kutopangwa hakipo. Sinza ilipangwa. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili watu wa kipato cha kawaida wajenge nyumba za kuishi. Leo tembea kutoka Mori mpaka Makaburini jioni ya Ijumaa uniambie umeona makazi au umeona nini. Siwalaumu wenye nyumba hata kidogo. Chuo kimekua, barabara zimekuwa na watu, na nyumba ya mstaafu inalipa zaidi ikiwa na fremu za maduka mbele. Mji hubadilika, na sheria imeliona hilo: unaweza kuomba kubadili matumizi ya kiwanja. Maombi yanakwenda halmashauri, yanatangazwa ili majirani waseme lao, yanajadiliwa, yakikubaliwa masharti ya hati yanarekebishwa. Njia ipo. Wengine wameipita, wengine wamefungua tu spika.

Sasa kilichotupata sisi. Mwaka jana kwenye ukuta wa kiwanja cha nyuma ya hosteli yetu lilibandikwa tangazo la kuomba kubadili matumizi, kutoka makazi kwenda makazi na biashara. Karatasi moja, imeshaanza kupauka kwa jua. Tuliisoma, tukakaa, tukaandika barua ya pingamizi, tukasaini watu 11: sababu ni kelele za usiku, maegesho kwenye njia ambayo ndiyo ya gari la zimamoto, na shimo la maji taka ambalo tayari limezidiwa. Tuliipeleka ofisi husika. Ofisa aliyetupokea alikuwa mstaarabu kabisa, akaisoma yote, kisha akauliza: nakala za hati zenu ziko wapi? Tukasema sisi ni wapangaji. Akasema basi mwenye nyumba wenu ndiye jirani, aandike yeye. Mwenye nyumba wetu anaishi mkoa mwingine, na tulipompigia simu alicheka. "Wanangu, baa ikija hapo nyuma, vyumba vyangu vinapanda bei," akasema.

Nimelitafakari sana jibu la yule ofisa. Katiba inaporuhusu haki ya mali ibanwe, inataja afya ya jamii, amani ya jamii, usalama wa jamii. Haisemi afya ya wenye hati. Anayelala pale ni mimi, anayevuta moshi wa jiko la nyama choma ni mimi, na moto ukitokea anayeungua ni mimi. Mwenye nyumba atapoteza bati. Kama idhini yote ya jiji kumbana mwenye kiwanja inatokana na kuwalinda watu wanaoishi mtaani, basi kuwauliza wenye karatasi peke yao ni kukata tawi ulilokalia. Na Sinza wenye karatasi wengi hawaishi Sinza. Kwa maoni yangu hili ndilo tundu kubwa kuliko yote katika namna tunavyoendesha kanda zetu, na halihitaji Bunge kuliziba. Linahitaji ofisi ikubali kwamba mkataba wa pango na kitambulisho vinatosha kumfanya mtu awe jirani.

Nimeahidi kurudi bondeni. Sheria ya Ardhi inatambua ardhi hatarishi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sababu yake haina ubishi. Desemba 2011 mvua ilinyesha siku chache tu, mito ya jiji ukiwemo Msimbazi ikatoka kwenye kingo zake, watu zaidi ya 40 wakafa. Baadhi ya walionusurika walipelekwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 greda zikashuka, nyumba zikaandikwa X, zikavunjwa, na hoja ikawa kwamba aliye ndani ya mita 60 amevunja sheria, na mvunja sheria halipwi.

Kisheria hoja hiyo ina miguu. Kubanwa matumizi si kunyang'anywa, na kwa kawaida aliyebanwa halipwi. Lakini nyumba nyingi za bondeni zilikuwa na mita ya umeme, nyingine zilikuwa zikilipa kodi ya majengo, nyingine zilisimama kabla ya mwaka 2004. Mkono mmoja wa dola ulipokea pesa, mwingine ukaja na rangi. Na ukitaka kuona jinsi sheria ileile inavyoweza kusomwa tofauti, angalia vitu viwili. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa palepale Jangwani, bondeni, na imefurika tangu hapo mara kadhaa. Hiyo haikuandikwa X. Halafu miaka ya hivi karibuni ukaja mradi mkubwa wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, na chini ya mradi huo wakazi wa bondeni wamefanyiwa tathmini na kulipwa fidia ili wahame. Bonde ni lilelile na mto ni uleule. Wa 2015 waliondoka kama wavunja sheria, hawa wameondoka kama walipwaji. Sisemi hawa wasingelipwa. Nasema mtu aliyevunjiwa mwaka ule ana haki ya kuuliza tofauti yake na hawa ni ipi, na jibu la "wewe ulikuwa bondeni" halitoshi.

Kuna mwenzangu wa uhandisi aliyenisomea rasimu ya makala hii akaniuliza: kwa hiyo wewe unazitaka kanda au huzitaki? Nazitaka. Mtu anayesema tuziondoe kila mmoja afanye atakavyo kwenye chake, hajawahi kuishi ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Ninachokataa ni ule uzoefu wa kukutana na sheria siku ya kubomolewa tu.

Sasa mambo ya vitendo, maana muhula unaanza na madalali wameshaanza kubandika namba zao getini. Hosteli au nyumba yoyote kwenye eneo lililopimwa ina namba ya kiwanja na jina la kitalu. Muulize mwenye nyumba, au angalia kwenye stakabadhi yake ya kodi ya pango la ardhi. Ukiwa na namba hizo unaweza kwenda idara ya mipango miji ya manispaa ukauliza mambo mawili: matumizi yaliyoidhinishwa ya kiwanja hicho ni yapi, na kama kuna maombi ya kuyabadilisha, chake au cha jirani. Kama ni eneo lisilopimwa, anza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, muulize bonde liko umbali gani na kama urasimishaji umeshapita. Ukiona tangazo limebandikwa ukutani, lipige picha siku hiyohiyo na tarehe ionekane, kwa sababu hayakai. Ukipeleka pingamizi, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo, na uambatanishe mkataba wako wa pango hata kama hujaombwa.

Serikali ya wanafunzi ina waziri anayeshughulikia malazi. Ningependa wizara hiyo ikusanye namba za viwanja vya hosteli zote ambazo wanachuo wamepanga Sinza, Ubungo, Makongo na Changanyikeni, iziandikie manispaa barua moja kwa pamoja kuomba matumizi yaliyoidhinishwa ya kila kimoja, na majibu yabandikwe pale mnapobandika matokeo. Barua ya watu 11 iliulizwa hati. Barua yenye muhuri wa chuo na majina 2,000 sijui itaulizwa nini, lakini ningependa tujue kabla bumu halijaingia na watu hawajalipa pango la mwaka mzima.